Ng'ombe wa Serikali Waliolala kwa Majirani

Kuku wa kwanza aliyeuzwa na Febronia Alute alikuwa na jicho moja, na aliuzwa kwa bei ya kuku mwenye mawili. Febronia alikuwa na miaka kumi na mitatu, amesimama chini ya dirisha la basi pale Singida mjini, tenga la kuku wa mama yake kutoka Unyambwa liko miguuni. Abiria aliponyoosha mkono kukagua, binti akamgeuza kuku upande wa jicho zima akasema, "Huyu, baba, anataga hata Ijumaa Kuu." Abiria akacheka, akalipa, basi likaondoka. Wiki iliyofuata abiria yule yule akapita tena, akaagiza kuku wawili, akawashika vichwa mwenyewe, akawatazama kulia na kushoto, ndipo akatoa hela. Hakumgombeza. Alimwambia tu, "Umenifundisha kazi, binti."

Hapo alijifunza mambo mawili ambayo chuo hakikumwongezea sana: kwamba mali yenye uhai hukaguliwa pande zote, na kwamba anayehesabu kwa haraka huhesabiwa yeye.

Kuku walimlipia sekondari. Kuku, na magunia machache ya alizeti, walimlipia cheti cha ugavi. Akaajiriwa serikalini, akatunza bohari moja, akahamishwa, akatunza nyingine. Hakuwa mtu wa kusimulia taabu alizopitia. Ukimuuliza atakwambia kila mtu ana zake, sema unachotaka. Alipofikisha miaka arobaini na mmoja akapangiwa shamba la mifugo la Serikali lililo njia ya Mitundu, lile ambalo watu wanaliita Kambini kwa sababu zamani wajenzi wa barabara waliweka kambi pale.

Alifika mwezi wa nne. Bohari alizozizoea zilikuwa na viti, matairi na makopo ya rangi, vitu ambavyo ukiviacha Ijumaa unavikuta Jumatatu. Kambini mali ilikuwa inakula, inazaa, inaugua na inaruka uzio. Kazi ya shamba ilikuwa kuzalisha mitamba wa mbegu ya Borani ili wafugaji wa vijijini wakopeshwe. Kazi ya Febronia ilikuwa kujua wako wangapi.

Daftari la mifugo alilolikuta lilikuwa safi mno. Mwandiko mzuri, mistari imepigwa kwa rula, na chini kabisa, kwa wino wa bluu: ng'ombe sitini na wanne. Aliyemtangulia alikuwa amehamia wilaya nyingine. Febronia aliliangalia lile daftari akaona halina hata tone la mavi ya ng'ombe. Akajua bwana yule alihesabia kitini.

Wiki ya kwanza ya Juni, wakati upepo wa baridi wa huko kwetu unakausha midomo, akamfuata Mzee Stefano Mazengo zizini. Mazengo alikuwa mkuu wa wachungaji, Mgogo wa Manyoni, mrefu, mkavu kama fito, mwenye miaka hamsini na tisa na miezi kumi tu ya kustaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umekuja kunywa maziwa?"

"Nimekuja kuhesabu."

Mazengo akatema mate pembeni. "Ng'ombe hanyooshewi kidole. Ukimhesabu kwa sauti anapungua."

"Ndiyo maana sitatumia sauti." Akatoa mfukoni punje za mahindi, akampa mzee mkono mmoja, akabaki na mkono mwingine. "Kila anayetoka getini, dondosha punje moja kwenye kopo. Mimi na langu, wewe na lako. Tusisemeshane mpaka wa mwisho apite."

"Ninyi Wanyaturu mambo yenu yote ni kuku na mahindi."

"Na ninyi mambo yenu yote ni ng'ombe na kubisha. Fungua geti, mzee."

Ng'ombe wakapita mmoja mmoja, chapa ya Serikali pajani, hereni ya namba sikioni. Wakamimina makopo. Hamsini na tatu kwa Febronia. Hamsini na tatu kwa Mazengo. Akasema warudishwe wapite tena. Hamsini na tatu, hamsini na tatu.

Febronia hakuyaangalia mahindi. Alimwangalia mzee. Katika biashara alikuwa amejifunza kusoma uso kabla ya mfuko. Mtu aliyeibiwa hushtuka. Mtu aliyeiba hushtuka zaidi, tena kwa kelele. Mazengo hakushtuka kabisa. Alikuwa anarudisha punje zake mfukoni, kana kwamba zitamfaa.

"Mzee, wako wapi kumi na mmoja?"

"Wapo."

"Wapo wapi?"

"Kwa watu."

Akaeleza bila haya, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuchimba kisima. Mwaka juzi mvua zilipokata Januari, malisho ya Kambini yaliisha yote, lambo likabaki tope. Meneja wa wakati ule alikuwa mgonjwa Dodoma, na barua za kuomba chakula cha mifugo zilikuwa hazijajibiwa. Mazengo akafanya alichofanya baba yake na babu yake. Akachagua mitamba kumi na mmoja wenye mimba, mbegu bora ya shamba zima, akawagawa kwa watu watano aliowaamini, wenye mabonde yenye majani. Huko kwao, na kwa Wanyaturu pia, mtu mwenye akili halazi mali yake yote zizi moja. Anayelea anakunywa maziwa, anapata samadi, na ng'ombe akishazaa mara mbili tatu, mlezi anapewa ndama wake. Ng'ombe akifa, mlezi anapeleka ngozi kwa mwenye mali, maana maneno hayana chapa.

"Na mvua ziliporudi?"

"Meneja mpya akaja. Hakuniuliza. Yule wa daftari naye hakuniuliza. Nikasema, wakiniuliza nitawaambia."

"Uliandika popote?"

Mazengo akagonga paji la uso kwa kidole. "Humu."

Febronia akakaa juu ya jiwe la chumvi. Mzee huyu hakuwa mwizi, lakini sheria haina macho ya kuona hilo. Ng'ombe kumi na mmoja wa Serikali hawapo zizini, hakuna karatasi, na aliyewatoa ana miezi kumi kustaafu. Kamati ya uhakiki ingefika tarehe ishirini na nane. Akiandika hamsini na tatu akaishia hapo, Mazengo angetoka Kambini kwenye gari la polisi, na miaka yake thelathini na mbili ya kazi ingeishia mahakamani.

Meneja, Deo, kijana mwenye shahada na viatu vya kung'aa, alisikiliza habari ile akiwa amesimama. Kisha akafunga mlango.

"Dada Febronia, andika sitini na nne."

"Kama mwenzangu?"

"Kama mwenzako. Mbona yeye hakupata shida?"

"Kwa sababu shida aliniachia mimi. Nikiandika sitini na nne, mwakani niandike na ndama wao wa kufikirika, na mwaka kesho kutwa na wajukuu. Uongo unataka kulishwa kila siku, bosi. Unakula kuliko fahali."

"Basi tuite polisi leo, tuwe salama."

"Salama wewe. Nipe wiki mbili na ile pikipiki. Nitakuletea kila ng'ombe na mahali alipo. Ukishajua, utaita unayemtaka."

Deo akampa wiki mbili na pikipiki. Mafuta akamwambia ajitegemee.

Wakawa wanatoka kila baada ya kukamua, Febronia ameshika usukani, Mazengo nyuma amekumbatia fimbo yake na kulalamika kila penye mchanga. Njia zenyewe zilikuwa zile za kupenya kwenye vichaka vya Itigi, matawi yanakuchapa mabega kama una deni. Mzee hakuwa na ramani, ila kila ng'ombe alimjua kwa rangi, kwa mama yake na kwa tabia. "Tunakokwenda yuko yule mwekundu wa paji jeupe, mtoto wa yule aliyemrusha daktari." Febronia akawa anaandika namba za hereni, anatazama chapa, anashika mdomo wa kila ndama kukisia umri. Anamzunguka kila mnyama kulia na kushoto.

Nyumba tatu za kwanza zilikuwa na ng'ombe saba, wote wazima, na ndama tisa juu yao. Wenyewe walipoambiwa kwamba mali inatakiwa kurudi Kambini asubuhi ya tarehe ishirini na nane, walisema sawa. Mmoja akauliza kama angeweza kubaki na kamba. Febronia akasema kamba haina chapa.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Bibi Magdalena, mjane wa miaka kama sabini, nyumba ya tembe imeinama upande mmoja. Zizini kulikuwa na mbuzi wanne tu. Mazengo akashuka kwenye pikipiki akabaki ameshikilia fimbo, na Febronia akaona kwa mara ya kwanza kwamba mzee naye anaweza kuogopa.

"Mbukwenyi," akasalimu Mazengo kwa Kigogo.

"Mbukwa." Bibi akawatazama kwa zamu. "Umekawia, Stefano. Niliwatuma watu mara mbili wakwambie. Wakasema Kambini getini wanaulizwa kitambulisho."

Akaingia ndani, akatoka amekumbatia mzigo uliofungwa kwa kamba ya katani, umeiva moshi wa darini. Akakata kamba, akaukunjua uani. Ilikuwa ngozi nzima ya ng'ombe mwekundu, imekaushwa vizuri, chapa ya Serikali pajani inasomeka kama ya juzi. Sikio lilikuwa limeachwa kwenye ngozi, na hereni yake ya njano ndani ya sikio.

"Ndigana ya kupe," akasema bibi. "Alianza kuvimba matezi Jumatano, Jumamosi akaanguka, na mimba tumboni. Nilimwita afisa mifugo wa kata, akaja ng'ombe ameshakufa. Akaniandikia hii." Kutoka kwenye fundo la khanga akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane: cheti cha kifo cha mnyama, namba ya hereni, tarehe, sahihi na mhuri.

Febronia aliisoma mara mbili. Kanuni za mali ya Serikali zinataka ushahidi wa kifo na kielelezo. Desturi ya kina Mazengo inataka ngozi. Bibi huyu, ambaye hakuwahi kuona kanuni hata moja, alikuwa ametunza vyote viwili miezi ishirini na sita, wakati ngozi ile angeweza kuiuza mnadani akanywea chai.

"Bibi," akasema, na kwa mtu ambaye hakupenda maneno mengi haya yalikuwa mengi, "umemwokoa mtu."

"Nani?"

"Huyu uliyemwita Stefano."

Bibi akamtazama Mazengo juu mpaka chini. "Basi angekuja mapema."

Nyumba ya tano ndiyo ilikuwa na mwiba. Ilikuwa ya Gerald, mwanaume wa makamo, mkulima wa alizeti, mtu wa kujua haki yake na kuisema. Yeye alipewa ng'ombe watatu, na watatu hao walikuwa wamemzalia ndama watano. Zizi lake lilikuwa la miti iliyopangwa sawasawa, na maji yalikuwa kwenye pipa safi. Febronia akakagua, akaandika, hakuona kasoro. Gerald akamsubiri amalize.

"Umemaliza, afisa? Sasa na mimi niandikie langu."

"Lipi?"

"Ndama wangu. Yule jike mweusi wa kiuno cheupe. Mzee Mazengo aliniahidi hapa hapa, wakishazaa nitapata mmoja. Wamezaa watano. Mimi si mwizi wala si mjinga."

Febronia akageuka. Mazengo alikuwa anakagua fimbo yake kana kwamba ameiokota sasa hivi. Hili hakulisema. Kuwatoa ng'ombe kwenye ukame ni jambo moja. Kumwahidi mtu mali ya Serikali ni jambo lingine, na la pili ndilo linalofunga.

"Gerald mwanangu," akaanza mzee.

"Wewe nyamaza kwanza," akasema Febronia, kisha akakumbuka umri wake. "Samahani, mzee. Nyamaza kwanza, tafadhali." Akakaa kwenye gogo, akamwashiria Gerald naye akae. Haya yalikuwa mambo yake sasa: watu wawili, mnyama katikati, na kila mmoja anadhani mwenzake ana haraka kuliko yeye.

"Ndama siwezi kukupa. Si wangu. Hata nikikupa leo, kesho atakuja mtu mwenye gari kumchukua, akuchukue na wewe."

"Basi na ng'ombe hawatoki."

"Ukiwazuia, nitaandika wamezuiwa kwako, na chapa unaiona mwenyewe. Hilo halikusaidii, na wala halinisaidii mimi. Tuzungumze linalosaidia. Unajua Kambini inakopesha mitamba?"

"Nasikia. Wanapewa wenye majina."

"Wanapewa waliopitishwa na mkutano wa kijiji. Unapewa mtamba, ndama jike wa kwanza unamrudisha, mama anabaki kwako na uzao wake wote. Kwa desturi ungepata ndama mmoja, basi. Kwa karatasi unapata ng'ombe mzima."

Gerald akakuna kidevu. "Na unaniahidi nitakuwemo?"

"Siahidi."

"Ala! Sasa biashara gani hii?"

"Aliyekuahidi mali isiyo yake yuko hapa nyuma yangu. Muulize imemfikisha wapi."

Gerald akamtazama Mazengo, na kwa mara ya kwanza akacheka. Kicheko kifupi, lakini kilitoka.

"Ninachoweza," Febronia akaendelea, "ni kuandika kwamba miaka miwili na nusu umelea ng'ombe watatu wa Serikali bila kupoteza hata kwato, na kusoma maandishi hayo mbele ya kamati na mbele ya mkutano. Mkutano utakaokunyima baada ya hapo, nionyeshe."

"Nitafikiri."

"Fikiri ukiwa njiani unawaleta."

Akaondoka bila kuomba mara ya pili. Anayeomba mara ya pili bei yake imeshashuka. Lakini njia nzima hakusikia hata malalamiko ya Mazengo, maana alikuwa anapiga hesabu ya tarehe ishirini na nane. Gerald akifika mbele ya kamati akasema "niliahidiwa," mzee amekwisha.

Tarehe ishirini na nane, saa mbili asubuhi, kamati ikashuka. Mkubwa wao alikuwa Asnath, mkaguzi wa ndani, mwanamke wa miwani na maneno machache, aliyefika na mabuti ya mvua wakati mvua haijulikani iko wapi. Febronia akayaona yale mabuti akapata moyo: huyu hahesabii kitini. Akampa taarifa yake kabla ya kuulizwa. Kurasa kumi na moja, kila ng'ombe na ukurasa wake: nani alimtoa, kwa nini, alilala kwa nani, na ndama wangehesabiwa getini. Mambo ya Mazengo yote yalikuwemo, pamoja na ile ahadi.

Mazengo alikuwa ameonyeshwa kurasa zile jana yake. Alizisikiliza zikisomwa, akasema, "Ya ahadi ungeacha." Febronia akamjibu, "Nikiiacha, itakuwa siri ya Gerald. Ikiwemo, ni kosa lako tu. Kosa lina adhabu, mzee. Siri haina mwisho."

Wakaja. Wale wa nyumba tatu wakaja na ng'ombe saba na ndama tisa, vumbi limewafanya wote rangi moja. Bibi Magdalena akaja na ngozi yake begani, hakutaka mtu amsaidie. Saa nne ikapita. Mazengo alikuwa amesimama getini, kopo mkononi, anatazama njia. Saa tano kasoro akatokea Gerald, anaswaga watatu wakubwa na ndama wanne.

Geti likafunguliwa, punje zikadondoka. Wakubwa sitini na watatu wakitembea, mmoja ngozi. Sitini na nne, sawasawa na daftari. Deo akatoa pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu mwanzo wa mwezi.

Mazengo akamsogelea Febronia, akanong'ona, "Kitabu kimetimia. Ndama hawamo kitabuni. Kumi na watatu wanatosha. Huyo mmoja mwache, mama."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Mkaguzi alikuwa na kalamu mkononi. Febronia akainua sauti.

"Ndama ni kumi na wanne. Hapa wapo kumi na watatu. Jike mweusi wa kiuno cheupe yuko kwa Gerald."

Asnath akashusha miwani. "Gerald ni yupi?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini umemwacha?"

Gerald akavua kofia. Mazengo akafumba macho.

"Mama," akasema Gerald, "miaka miwili na nusu naamka na ng'ombe wa Serikali. Kiangazi nakwenda na mikokoteni ya maji kwa ajili yao. Mmoja alizaa mguu umetangulia, nikakesha naye mkono ndani. Hakuna siku Serikali ilikuja kuuliza wameamkaje. Leo mnawataka, nimewaleta. Huyo mmoja nikasema, na wao waje waone mahali alipozaliwa. Ni hilo tu. Mzee hajanidai na mimi simdai."

Ya ahadi hakuitaja. Ilikuwa kwenye karatasi mkononi mwa Asnath, mstari wa saba, na Gerald alijua imo, maana Febronia alimtumia salamu. Alichagua kutoitaja.

Asnath akaufunga mfuniko wa kalamu. "Nimekuja kuhesabu," akasema. "Nitamhesabu huko aliko."

Basi kamati ikapanda gari, ikapenya vichakani mpaka kwa Gerald, na Asnath akaingia zizini na yale mabuti yake, akamshika ndama sikio akamvisha hereni mwenyewe. Mke wa Gerald akaleta viti na uji. Mkaguzi akanywa uji wote, akauliza maji wanayatoa wapi, akaonyeshwa, akaenda mpaka kisimani akarudi. Kesho yake asubuhi Gerald akamleta yule ndama Kambini kwa miguu yake, bila kutumwa.

Taarifa ya kamati ilitoka baada ya wiki tatu. Asnath alikuwa amefanya hesabu ambayo hakuna aliyemwomba: katika ukame ule, waliobaki zizini walikufa kumi na tisa. Waliolala kwa majirani alikufa mmoja. Stefano Mazengo akapewa barua ya onyo kwa kutoa mali bila kibali na kuahidi asichoruhusiwa kuahidi. Polisi hawakutajwa. Angestaafu mwezi wake ukifika, na haki zake zote.

Alipopewa ile barua ya onyo, aliikunja akaiweka mfuko wa shati kama mtu aliyepewa cheti. Siku ya nne Febronia akamkuta getini asubuhi, amemwekea kiti.

"Kaa. Lete na lile daftari."

"Kuna nini?"

"Nina miezi tisa. Wako sabini na saba. Nikiondoka na yaliyomo humu kichwani, mtabaki na namba tu." Akanyoosha fimbo, si kidole. "Yule pale ni mtoto wa yule aliyemrusha daktari. Hazai kila mwaka, usimkopeshe mtu maskini. Andika."

Febronia akaandika. Kila asubuhi wanyama watatu wanne, mama, bibi, ugonjwa, tabia. Daftari likachafuka vizuri. Hakuna semina ya Serikali iliyowahi kumpa elimu ile, na mzee hakutaka hata soda.

Kilichobaki kilikuwa kimoja. Deo alitaka kufunga jalada.

"Bado barua za wale watano," akasema Febronia.

"Barua za nini? Mali imerudi."

"Za ahsante."

"Serikali haina fomu ya ahsante, dada."

"Basi tutumie karatasi nyeupe."

Deo akacheka, lakini akaweka sahihi, na mhuri akaugonga mara mbili kila barua ili usomeke. Febronia alikwisha kupiga hesabu yake: karatasi tano na wino hazina gharama, na ukame mwingine utakuja. Hata hivyo, alipokuwa akiandika aligundua kwamba hakuwa anaandika kwa ajili ya ukame ujao. Kuna watu aliwahi kukutana nao maishani waliomtendea haki bila kulazimishwa, na walikuwa wachache, na wengine hakuwahi kuwashukuru. Hawa alijua wanakokaa.

Akazipeleka kwa pikipiki. Gerald alisoma yake amesimama, akaingia ndani, akarudi kuuliza mkutano wa kijiji ni Jumamosi ipi. Bibi Magdalena hakujua kusoma. Akamkalisha Febronia kwenye kigoda, akasema soma polepole.

Febronia akasoma. Kwamba Serikali inamshukuru Bibi Magdalena kwa kumlea ng'ombe namba sifuri nne moja saba, na kwa uaminifu wake katika kutunza ushahidi wa kifo chake.

"Rudia hapo kwenye ng'ombe."

"Ng'ombe namba sifuri nne moja saba."

"Huyo nani?"

"Ni wako, bibi. Ndiyo namba yake ya hereni."

"Alikuwa anaitwa Nyemo." Bibi akanyoosha kidole kwenye karatasi. "Andika."

Barua ya Serikali iliyokwisha kupigwa mhuri haiandikwi juu. Febronia alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika wilaya ile. Pia alijua kwamba panapolazimika kusahihishwa, anayesahihisha anaweka sahihi yake pembeni ili ijulikane ni nani. Akatoa kalamu, akaandika juu ya namba, kwa herufi za kusomeka: aliyeitwa Nyemo. Pembeni akaweka sahihi na tarehe. Akasoma tena kuanzia juu.

Bibi akaipokea, akaipeperusha wino ukauke, akaikunja mara nane, akaifunga kwenye fundo la khanga.

"Haya, ahsante na wao," akasema. "Sasa mwingine wanamleta lini?"

"Mkutano ni Jumamosi, bibi. Mbuzi wako wanne uwafunge vizuri, watu waone zizi lako linabeba."

"Zizi langu linabeba. Tatizo ni ndigana. Safari hii wamlete na dawa ya kupe."

"Ya kupe utanunua mwenyewe."

"Tugawane."

Febronia akavaa kofia yake ya pikipiki, akamtazama yule bibi vizuri, akaona amekutana na mtu wa saizi yake. "Tutazungumza Jumamosi," akasema.